Nani Aliyesimamisha Kazi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Najifunza upigaji picha, na nimepewa zoezi la kulinganisha jinsi wapiga picha wa sura wanavyowaonyesha watu kazini. Nimechagua Lewis Hine, August Sander na Irving Penn. Hine anampiga fundi akiwa ameinamia mtambo. Penn anamwita muuza nyama studioni na kumsimamisha mbele ya pazia tupu. Nilidhani jibu ni jepesi: ya Hine ni ya kweli, ya Penn ni maigizo. Lakini kila nikizitazama, za Penn ndizo zinanishika. Nakosea wapi? Na nitumie vigezo gani?

JIBU: Marahaba. Jicho lako halina kosa. Kosa liko kwenye dhana uliyoanza nayo, kwamba mtu anayeonekana akitenda ni wa kweli kuliko mtu aliyesimama akatukazia macho. Wengi wetu tumepitia hapo, nami nilikaa hapo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Tuanze na huyo fundi wa Hine. Picha ni ya 1920. Kijana mwenye misuli ameinama mbele ya pampu ya mvuke, spana kubwa mikononi, na mgongo wake umejikunja ukifuata mviringo wa chuma kilicho mbele yake. Mistari imekaa sawasawa mno. Bahati haipangi hivyo. Hine alimweka pale, akamwelekeza, akapiga zaidi ya mara moja mpaka mwili na mtambo vikaitikiana. Wala hakuficha. Picha za namna hiyo aliziita picha za sura za kazi, na sura haipigwi kwa kuviziwa. Kwa hiyo mezani kwako huna picha ya kweli na picha ya maigizo. Una picha mbili zilizopangwa, na Penn ndiye aliyeuacha mpango wake wazi.

Kigezo ninachotumia mimi ni hiki. Kila picha ya sura ya mtu kazini ni picha ya kazi iliyosimama. Hata ikisimama kwa kufumba na kufumbua, kuna mtu aliyeisimamisha. Sasa ukiweka picha mbili kando kwa kando, usihangaike na ipi ina kitendo. Uliza nani alisimamisha kazi, kwa muda gani, na kwa ajili ya nani. Ukipata hayo, habari za pazia, mwanga na lenzi zitaeleweka zenyewe.

Zamani kusimama hakukuwa na hiari. Kamera za miaka ya 1840 zilimtaka mtu atulie tuli kwa sekunde nyingi, basi mhunzi au seremala aliyetaka picha yake alibeba nyundo au randa mpaka studio, akaishika kifuani, akajikaza asipepese. Picha za mafundi na zana zao za karne ile zimebaki nyingi, na mara nyingi aliyelipia alikuwa fundi mwenyewe. Kumbuka hilo unapomhukumu Penn. Pozi la mtu na zana yake ni la kale kuliko picha ya kitendo, na lilianza kwa matakwa ya mwenye kazi.

Sasa mrudie Hine yuleyule, miaka 12 kabla ya fundi wake. Mwaka 1908 alianza kuzunguka Marekani kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto, iliyopinga watoto kutumikishwa, akipiga picha za watoto viwandani, migodini na mashambani. Wenye viwanda hawakumtaka, hivyo aliingia kwa hila: leo muuza Biblia, kesho mpiga picha wa mitambo. Akishaingia alikuwa na dakika chache tu. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko umbali gani kutoka sakafuni, basi mtoto akisimama karibu naye alimpima kwa vifungo na kuandika mkono ukiwa mfukoni. Chini ya picha moja ya msichana katika kiwanda cha pamba huko South Carolina, ya Novemba 1908, maelezo yanasema ana urefu wa inchi 48, yaani kama sentimita 122, na kwamba amekwisha kufanya kazi nusu mwaka. Funika maelezo kwa kidole utazame tena. Unaona mtoto na safu ndefu ya mashine. Ondoa kidole, na mashine zile zinageuka kuwa rula.

Katika picha nyingi za watoto hao, mtoto ameacha kazi akatugeukia. Fundi wa 1920 hatutazami kabisa. Mpiga picha ni mmoja, kilichobadilika ni haja yake. Watoto aliwapiga wawe ushahidi wa kupelekwa mbele ya watunga sheria, na shahidi hukabili baraza. Fundi alimpiga wakati alipotaka watu wakumbuke kwamba nyuma ya kila mtambo yuko binadamu. Hapo alihitaji shujaa, na shujaa hana nafasi ya kututazama. Mwaka 1930, akiwa na miaka 56, aliendelea na hamu hiyohiyo hadi kwenye vyuma vya jengo la Empire State, akining'inizwa nje kwenye kapu ili awapate wajenzi. Kama zoezi lako lingekuwa la kurasa mbili ningekwambia ubaki na Hine peke yake. Ulinganisho mzima umo ndani ya mtu mmoja.

Lakini umemchagua Sander, na huyo ndiye ninayemrudia mimi kila mwaka.

August Sander alizaliwa 1876 Ujerumani, akafanya kazi mgodini utotoni, na baadaye akafungua studio mjini Cologne. Mradi wa maisha yake ulikuwa kuwakusanya watu wa karne yake katika makundi 7: mkulima, fundi, mwanamke, tabaka na taaluma, wasanii, jiji, na wale aliowaita watu wa mwisho, waliosukumiwa pembezoni. Mtazame mwokaji wake wa keki, wa 1928. Mtu mnene mwenye upara amesimama jikoni katika koti jeupe refu, mikono ingali kwenye chombo chake cha kukorogea. Haendelei na kazi, wala hajaiacha. Sander alitumia kamera kubwa ya sahani za kioo iliyohitaji sekunde kadhaa za mwanga. Mkono uliozunguka ungetoka ukungu mtupu. Kwa hiyo mwokaji alijizuia mwenyewe. Ndiyo siri ya picha ile. Anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeingia jikoni mwake bila hodi, naye anangoja useme shida yako ili aendelee. Kazi ameisimamisha yeye.

Mwaka huohuo Sander alimpiga kibarua wa ujenzi aliyebeba ubao wa matofali mabegani, nyuma yake giza tupu. Huyu naye anatutazama moja kwa moja, na wanafunzi wangu hupenda kusema ana heshima, ana utulivu. Sawa. Siku moja niliwaambia wabebe mizigo yao mabegani, wasimame kimya wakinitazama kwa sekunde 10. Kufika ya 6 darasa zima lilikuwa limeelewa kwamba utulivu ule una uzito wake. Mwokaji aliposimama alipumzika. Kibarua aliposimama aliongezewa kazi. Sander hakusema lolote kuhusu tofauti hiyo, ila ameziacha picha zote mbili zilinganishwe.

Kisha tafuta picha yake ya mtu asiye na kazi, ya 1928 pia. Mwanamume amesimama kwenye kona ya mtaa, hana zana yoyote. Mikono imeshika kofia. Katika mkusanyo ambao kila mtu anajulikana kwa anachokishika, mikono ile inamaliza maneno. Sijaona picha nyingine inayoeleza kazi vizuri kama hiyo, na kazi yenyewe haimo.

Ugomvi wangu na Sander ni majina. Mara nyingi maelezo yake ni ya kazi tu: mwokaji, mkulima, kibarua. Mtu anakuwa mfano wa kundi. Yeye aliamini kwamba kwa njia hiyo ataonyesha jamii nzima ilivyo, na ukweli ni kwamba aliionyesha kiasi cha kuwaudhi wakubwa: mabamba ya kuchapia kitabu chake cha 1929, chenye picha 60, yaliharibiwa na Wanazi mwaka 1936. Nyuso zile hazikufanana na taifa walilotaka kulichora. Hata hivyo, anayeitwa kwa kazi yake tu amepokonywa kitu, na unapolinganisha lazima ulione hilo pia.

Haya, Penn. Mwaka 1950 alikuwa Paris akipiga mitindo ya mavazi kwa ajili ya jarida la Vogue, ghorofani, kwa mwanga wa dirisha la kaskazini, mbele ya pazia kuukuu la jukwaa la maigizo. Katika studio hiyohiyo, kati ya wanamitindo waliovaa magauni ya gharama, walipita wauza nyama, waoka mikate, wazibua dohani na wauza mitaani, wakiwa na nguo na zana zao za kazi. Mwanamitindo na muuza nyama waliangukiwa na mwanga mmoja, pazia moja. Usiichukulie hiyo kama ukarimu tu. Ina maana pia kwamba aproni yenye damu ilitazamwa kwa jicho lililozoea kutazama hariri, ndiyo maana unaona kila mkunjo wa kitambaa. Baadaye aliendelea London, kisha New York.

Wote walilipwa ili waje. Penn alieleza jinsi miji ilivyotofautiana: Waparisi walishuku kuna jambo limefichwa lakini wakaja kwa sababu ya malipo, watu wa London waliona ni jambo la kawaida kabisa kupigwa picha katika nguo za kazi, wakafika kwa wakati, wamejaa fahari, wa New York hawakutabirika, na baadhi yao, pamoja na kuonywa, walifika wamenyoa ndevu na kuvaa suti ya Jumapili, wakidhani ni hatua ya kwanza kuelekea Hollywood. Watu hucheka wakifika hapo. Mimi sicheki tena. Aliyekuja na suti alikuwa anajibu swali ambalo Penn hakumuuliza: wewe ungependa kuonekana vipi?

Sasa kwa nini zinakushika? Kwa sababu jicho halina pa kukimbilia. Kiwandani utatazama magurudumu, moshi, dirisha. Mbele ya pazia umebakiwa na mwili, na mwili wa mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi una mazoea yake: namna ya kugawa uzito miguuni, vidole vinavyojua zana ilipo bila macho kuangalia. Ukimwambia mtu asimame na kisu alichokizoea, utajua mara moja kama ni chake. Hicho ndicho Penn alichokuwa anakivuna, na alikivuna kuliko wote.

Alichokipoteza kwa kufanya hivyo ni mazingira. Kwenye picha zake hakuna msimamizi, hakuna mwenzake wa zamu, hakuna saa ukutani, hakuna kelele. Ni kazi isiyo na mwajiri. Ndiyo maana wengine huziona tamu kupita kiasi, na zana ikikosa mahali pake huwa karibu sana kuwa pambo. Mpiga picha Richard Avedon, aliyetumia karatasi nyeupe kama ukuta alipozunguka magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984, aliipunguza hatari hiyo kwa njia mbili: aliacha uchafu wa kazi ubaki kwenye ngozi ya wachimba makaa ya mawe na wachimba mafuta, na akaandika jina la kila mtu, kazi yake, mahali na tarehe. Lakini ni Avedon huyohuyo aliyetoa tangazo la kumtafuta mfugaji nyuki, akiwa na picha kichwani tayari, akampata, na mwaka 1981 akampiga kifua wazi, nyuki wamemtambaa mwilini. Hiyo ni picha kali. Ni kazi ya kufuga nyuki? Mfugaji yeyote atakwambia hafanyi hivyo.

Nikuongezee watatu ambao hawamo kwenye orodha yako. Unahitaji mtu wa kuwapinga hao watatu wako, maana wote walifuata wazo moja, kwamba mtu wa kazi ajulikane kwa kazi yake.

Wa kwanza ni Seydou Keïta. Studio yake ilikuwa Bamako, Mali, kuanzia 1948 hadi mapema miaka ya 1960. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani. Wateja walikuja na vitu vyao au wakaazima vya studio: saa ya mkononi, redio, kalamu ya wino, suti. Walikuwa watu wenye kazi zao, lakini ni wachache walioleta zana. Hawa walilipa wenyewe, wakachagua wenyewe, na walichochagua ni kuonyesha kazi imewafikisha wapi. Mweke Keïta kando ya Penn na yule Mmarekani wa suti ataacha kuwa kichekesho.

Wa pili ni Arnold Newman, bingwa wa kumpiga mtu ndani ya mahali pake. Picha yake ya 1946 ya mtunzi wa muziki Stravinsky imejaa kifuniko cheusi cha piano, na mtunzi amebaki pembeni, mdogo, kama noti ya muziki. Lakini kwako wewe iliyo muhimu ni ya 1963, ya mwenye viwanda Alfried Krupp, mjini Essen. Wakati wa vita, chini ya Wanazi, kampuni ya Krupp ilitumikisha watu kama watumwa. Newman alikuwa Myahudi. Alimkalisha na kiwanda chake nyuma, akaweka taa za pembeni kutoka chini, uso ukatoka na ukijani wa kutisha. Huko mahali pa kazi hapakuwa pambo wala heshima. Palikuwa shitaka. Kwa hiyo usiandike kwamba kumpiga mtu katika mazingira yake ni kumtendea haki. Inategemea yeye ni nani na mazingira hayo yalijengwa kwa jasho la nani.

Wa tatu ni Gordon Parks, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1942, mjini Washington, alikutana na Ella Watson, mwanamke mweusi aliyefanya usafi katika ofisi za serikali. Kwanza aliongea naye, akamsikiliza maisha yake. Kisha akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkononi, dekio nyuma yake. Bendera ina ukungu, uso ni mkali. Picha hiyo ndiyo inayojulikana, na ni ya kupangwa kabisa, kuliko hata ya Penn. Lakini Parks hakuishia hapo. Kwa wiki kadhaa alimfuata nyumbani kwake, kwa wajukuu wake, kanisani kwake. Picha ya bendera ikitazamwa pamoja na hizo, ufagio haumalizi habari za mwenye kuushika. Kati ya wote niliowataja, Parks ndiye aliyepata jibu bora kwa tatizo la mtu kugeuka kuwa kazi yake: hakuitafuta picha moja ya kumaliza yote.

Sebastião Salgado nitampita haraka, ingawa najua utaulizwa habari zake. Picha zake za 1986 za mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, Brazili, zenye maelfu ya wanaume wanaopanda ngazi na magunia mgongoni, ni kubwa mno. Ila nyingi ni picha za umati, na ulinganisho wako ni wa sura. Ukimtumia, tumia zile chache ambazo mtu mmoja amejitenga na kundi.

Sasa nikwambie kilichonitoa kwenye dhana yako ya mwanzo. Miaka mingi iliyopita nilimpiga picha fundi cherehani. Nilitaka aonekane akishona, nikamwambia ajifanye anashona. Akatii: akainama, akasukuma kitambaa, mwanga ukamwangukia vizuri. Nilijivunia picha ile, nikaitundika. Fundi mwingine alikuja akaitazama kidogo tu, akacheka: "Sindano haina uzi." Nilikuwa nimemkatiza kazi, nikamwamuru aiigize, kisha nikawauzia watu kama kazi. Laiti ningemwacha ainue kichwa anitazame, picha ingekuwa na ukweli mmoja angalau, kwamba nipo na nimemsumbua.

Kwa hiyo unapoandika, anzia kwenye mikono, kwa sababu uso unaweza kujipanga lakini mikono husahau. Angalia kama imeshika zana kama mtu anavyoishika akiitumia, au kama mtu aliyekabidhiwa. Shuka miguuni, uone kama kuna sakafu: Sander anakuonyesha mtu alipokanyaga, Avedon anaiyeyusha ardhi yote kuwa nyeupe. Pima kimo cha kamera, kwa sababu lenzi ikiwa chini ya kidevu kibarua anakuwa mnara, ikiwa juu yake anakuwa wa kuhurumiwa. Mwisho soma maelezo ya chini, na useme waziwazi kama jina lipo au halipo. Mengine kama aina ya filamu na idadi ya taa yataje kama yanabadilisha jibu, la sivyo achana nayo.

Na ningekuomba uongeze kitu kimoja cha kwako mwenyewe kwenye zoezi. Mtafute mtu mmoja anayefanya kazi ya mikono. Kaa naye bila kuinua kamera mpaka umejua ni wapi yeye mwenyewe huwa anasimama: anaponoa, anapofuta jasho, anaposogea nyuma kukagua alichofanya. Mpige hapo. Kisha mwambie achague mwenyewe pa kusimama, na avae anachotaka, umpige tena. Ziweke hizo mbili kando ya zile za Hine, Sander na Penn, na chini ya kila moja andika jina lake kama ameridhia. Ukimaliza nitumie. Nitaangalia uzi kwanza.